Titaniamu au chuma? Jinsi ya kuchagua metali ya baiskeli na kazi za mikono

BAISKELI imewalisha na kuwasomesha wengi magharibi mwa Kenya. Biashara ya bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia miaka ya 1960, ikaenea hadi Mumias, Butere na Kakamega mjini. Pikipiki zilitwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo ushuru wa VAT mnamo 2008.

Hata hivyo, baiskeli haijatoweka. Hadi leo hubeba maziwa, mikate, makaa na mitungi ya maji katika barabara za udongo mwekundu za Shinyalu, Malava na Lurambi. Kadhalika, wapo vijana wanaoipanda kwa michezo, na wanafunzi wa ufundi wanaopenda kuiunda upya kwa mikono yao.

Miongoni mwa vijana hao, jina moja hutajwa kwa heshima kuu: titaniamu. Husifiwa kuwa nyepesi kama aluminiamu, yenye nguvu kama chuma na isiyoshika kutu. Sifa hizo zina ukweli, lakini si ukweli wote, na anayezimeza bila kuzitafuna huenda akapoteza fedha zake, au hata meno yake, fremu ikikatika kwenye mteremko.

Makala haya yanaeleza titaniamu ni nini, aina zake zinatofautianaje, mahali inapofaa na mahali ambapo chuma cha kawaida bado hakina mpinzani.

Metali iliyotoka mchangani

Titaniamu iligunduliwa mwaka 1791 na William Gregor, kasisi wa Uingereza aliyekuwa akichunguza mchanga mweusi wa Cornwall. Miaka minne baadaye, mwanakemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth aliipa jina la Titani, yale majitu ya hadithi za Wagiriki wa kale.

Kenya nayo ina mchanga wa aina hiyo. Huko Kwale, kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza mnamo Februari 2014, ikichimba madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Uchimbaji ulikoma mnamo Desemba 2024 baada ya akiba ya madini mahali hapo kumalizika.

Hata hivyo, kilichoondoka Kwale hakikuwa metali bali mchanga uliochekechwa. Zaidi ya asilimia 90 ya madini ya titaniamu duniani hugeuzwa kuwa unga mweupe unaotiwa katika rangi za ukuta, plastiki na karatasi. Sehemu ndogo tu ndiyo huyeyushwa kuwa metali.

Sababu ni ugumu wa kuitenga. Chuma hupatikana kwa kuchoma mawe yake pamoja na makaa katika tanuri, kazi ambayo wahunzi wa Afrika Mashariki waliijua karne nyingi zilizopita. Titaniamu haikubali njia hiyo kwa kuwa huing'ang'ania oksijeni kuliko chuma kinavyofanya.

Njia inayotumika sana ilibuniwa na William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg, na kupewa hataza Marekani mnamo 1940. Madini hugeuzwa kwanza kuwa kimiminika kwa gesi ya klorini, kisha kimiminika hicho huchanganywa na magnesiamu iliyoyeyuka ndani ya chombo kisicho na hewa. Kinachobaki ni kitu chenye matundu kama sifongo, ambacho sharti kiyeyushwe tena katika ombwe. Kila hatua hula umeme na muda. Ndiyo maana bei ya titaniamu iko juu ilhali madini yake yametapakaa ardhini.

Wepesi, nguvu na ukakamavu

Mnunuzi wa metali hupaswa kutenganisha mambo matatu ambayo watu hupenda kuyachanganya.

La kwanza ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.8 hivi, titaniamu gramu 4.5 na aluminiamu gramu 2.7. Kwa hivyo, titaniamu ni nyepesi kuliko chuma kwa takriban asilimia 40, lakini ni nzito kuliko aluminiamu.

La pili ni nguvu, yaani kiasi cha mvuto ambacho metali hustahimili kabla ya kupinda moja kwa moja. Hapa jina tu halitoshi. Titaniamu safi ya kawaida haizidi sana chuma laini cha dukani, ilhali aloi bora za titaniamu huzidi chuma hicho mara tatu.

La tatu ni ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kuyumba mzigo unapowekwa. Katika hili titaniamu hushindwa na chuma waziwazi. Ukakamavu wake ni kama nusu ya ule wa chuma, na wa aluminiamu ni theluthi moja. Bomba la titaniamu lenye upana na unene sawa na la chuma litayumba mara mbili zaidi.

Ndiyo maana fremu nzuri za titaniamu huwa na mabomba mapana kuliko ya baiskeli za zamani za chuma. Anayenakili fremu ya chuma kipimo kwa kipimo akitumia titaniamu atapata baiskeli inayojinyonganyonga kama mwanzi.

Kuna jambo la nne, nalo ni uchovu wa metali. Chuma na titaniamu zikipakiwa mzigo usiozidi kiwango fulani zinaweza kuhimili mitikisiko isiyo na idadi. Aluminiamu haina kiwango hicho, na kila mtikisiko huipunguzia maisha kidogo. Kwa barabara yenye mashimo, tofauti hii si ndogo.

Si titaniamu zote ni sawa

Titaniamu huuzwa kwa madaraja yenye nambari. Daraja la 1 hadi la 4 ni titaniamu safi, na hutofautiana hasa kwa kiasi cha oksijeni kilichomo. Daraja la 2 ndilo linalopatikana kwa wingi. Hupindika kwa urahisi, huvumilia chumvi na kemikali, na hufaa kwa mabomba ya viwandani, vikombe, bangili na kazi za wanafunzi. Kiwango chake cha chini cha kuhimili mvuto bila kupinda ni megapaskali 275, karibu sawa na chuma laini.

Daraja la 5 ni aloi yenye asilimia 6 ya aluminiamu na asilimia 4 ya vanadiamu. Hii ndiyo hutumika zaidi katika ndege, na nguvu zake hupita megapaskali 800. Hufaa kwa bolti na vipande vinavyochongwa kwa mashine, lakini ni vigumu kuivuta iwe bomba jembamba.

Daraja la 9 lina asilimia 3 ya aluminiamu na asilimia 2.5 ya vanadiamu. Aloi hii ilipata umaarufu katika mabomba ya mafuta ya mitambo ya ndege, kisha ikawa chaguo kuu la mabomba ya baiskeli. Ina nguvu za kutosha na bado hukubali kuvutwa, kupindwa na kuchomelewa.

Historia ya baiskeli imeshuhudia tofauti hiyo. Katika miaka ya 1970, kampuni ya Teledyne ya Marekani iliuza fremu ya titaniamu safi iliyoitwa Titan. Ilikuwa nyepesi mno kwa zama zake, lakini iliyumba, na nyingine zikavunjika. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, watengenezaji kama Merlin na Litespeed walitumia aloi na mabomba mapana zaidi, na hapo ndipo titaniamu ikapata heshima iliyo nayo sasa.

Funzo ni kwamba muuzaji anayesema tu "hii ni titaniamu" hajasema lolote. Mwulize ni daraja lipi.

Mzigo wa magunia mawili

Baiskeli ya kazi ina mahitaji tofauti na ya michezo. Chukua mfano wa mwendeshaji mwenye uzito wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 100. Jumla ni kilo 185. Tuseme fremu ya titaniamu itampunguzia kilo tatu. Hizo hazifiki hata asilimia mbili ya uzito anaousukuma kupanda mlima. Akiongeza upepo katika magurudumu na kutia mafuta mnyororo, huenda akapata nafuu kubwa zaidi bila kutumia shilingi nyingi.

Aidha, mzigo mzito juu ya karia hutaka fremu isiyoyumba, na tumeona kwamba ukakamavu ni nguzo ya chuma. Si ajabu kwamba baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief kwa ajili ya vijiji vya Afrika, ni ya chuma, na karia yake imeundwa kubeba kilo 100. Ile baiskeli nyeusi nzito ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba nayo ni ya chuma.

Kwa mwanamichezo hali ni nyingine. Yeye habebi gunia, hupanda saa nyingi mfululizo, na jasho lake lenye chumvi hudondokea fremu kila siku. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho hakihurumii chuma kilichochubuka rangi. Titaniamu haihitaji rangi kamwe, haishiki kutu, na husifiwa kwa kupunguza makali ya mitikisiko. Mwenye uwezo wa kuinunua atakaa nayo muda mrefu.

Fundi aliye karibu nawe

Swali ambalo wanunuzi wengi husahau ni hili: ikivunjika, nani ataitengeneza?

Fremu ya chuma ikipasuka njiani Khayega, mwenyewe ataikokota hadi kwa fundi wa jua kali, ichomelewe, na kabla ya jua kutua atakuwa amerudi kazini. Kiungo kile huenda kisipendeze macho, lakini kitashika.

Titaniamu haichomelewi hivyo. Ikipata joto la kupita nyuzi 430 hivi za Selsiasi katika hewa ya kawaida, huanza kufyonza oksijeni na nitrojeni kama sponji inavyofyonza maji. Metali iliyokuwa imara hugeuka kuwa dhaifu kama kigae. Na kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 1,668, hakuna namna ya kuichomelea bila kuvuka kiwango hicho.

Kinga yake ni gesi ya agoni, ambayo sharti ifunike kiungo nje na ndani ya bomba hadi kipoe. Vilevile bomba hupaswa kusafishwa mafuta na jasho la vidole kabla ya kazi. Mashine ya kawaida ya fito za kuchomelea, ambayo ndiyo iliyojaa katika karakana za jua kali, haiwezi kazi hiyo hata ikishikwa na fundi hodari namna gani.

Rangi ya kiungo husema ukweli. Kiungo kinachong'aa kama fedha, au chenye umanjano mwepesi wa majani makavu, ni salama. Chenye buluu iliyokolea ni cha kutiliwa shaka, na chenye kijivu au unga mweupe ni cha kutupwa. Anayenunua fremu ya titaniamu iliyokwisha kutumika na achunguze viungo vyote hivyo, hasa chini karibu na pedali na kwenye shingo ya usukani. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuikataa.

Bolti na ndoa ya metali mbili

Wengi huanza na bolti kwa sababu ni bei nafuu kuliko fremu. Bolti nzuri za titaniamu ni za daraja la 5, na nguvu zake hukaribiana na za bolti za chuma zilizochapwa 8.8 kichwani. Hazifikii zile za 12.9. Kwa hivyo, mahali ambapo mtengenezaji ametia bolti ya 12.9, hasa kwenye breki na usukani, usiibadilishe kwa ajili ya kupunguza gramu chache.

Hesi za titaniamu pia zina tabia ya kuumana na kuganda zinapokazwa kavu. Daima tia grisi.

Grisi hiyo ina faida nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji na chumvi, ile hafifu zaidi huliwa. Titaniamu ikioana na aluminiamu au chuma, yenyewe hubaki salama na mwenzake ndiye huoza. Nguzo ya kiti ya titaniamu iliyotiwa kavu ndani ya fremu ya chuma inaweza kukwama humo kabisa baada ya misimu michache ya mvua.

Namna ya kuitambua

Wakazi wa Kakamega wanafahamu tangu enzi za machimbo ya Rosterman miaka ya 1930 kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Titaniamu nayo ina waigaji wake. Keekee zenye rangi ya dhahabu zinazouzwa madukani kwa jina la titaniamu ni za chuma, zilizopakwa utando mwembamba wa naitraidi ya titaniamu. Utando huo ni mgumu na una manufaa, lakini haugeuzi chuma kuwa titaniamu.

Jaribio la kwanza ni sumaku. Titaniamu hainasi. Hata hivyo, aluminiamu na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazinasi pia, kwa hivyo jaribio hili halitoshi.

Jaribio bora ni la mizani na maji. Pima kipande kwa gramu, kisha kizamishe katika chombo chenye alama za mililita na usome maji yamepanda kiasi gani. Gawanya gramu kwa mililita. Kipande cha gramu 225 kikipandisha maji kwa mililita 50, jibu ni 4.5, nayo ni titaniamu. Chuma cha uzito huo kingepandisha mililita 29 hivi, na aluminiamu mililita 83. Kipande kiwe kitupu, kisicho na bolti za metali nyingine wala mapengo yenye hewa.

Jaribio la tatu ni cheche. Likiguswa na jiwe la kunolea, titaniamu hutoa cheche nyeupe zenye kung'aa mno, ilhali za chuma huwa na rangi ya chungwa. Fanya hivyo kwa kugusa tu, tena ukiwa umevaa miwani.

Kuikata, kuitoboa na hatari ya moto

Titaniamu haipitishi joto vizuri. Ukiitoboa, joto hubaki kwenye ncha ya keekee na kuichoma. Kanuni ni mwendo wa polepole, mkono mzito, keekee kali na mafuta ya kutosha. Usiiache keekee isugue bila kukata, kwani sehemu ile itazidi kuwa ngumu. Msumeno wa mkono wenye wembe mpya na tupa nzuri hutosha kwa kazi ndogo.

Kipande kizima hakishiki moto kwa urahisi, lakini vumbi na nyuzi zake nyembamba hushika. Fagia mabaki kila mara na uyahifadhi katika mkebe wa bati wenye kifuniko, mbali na cheche. Yakiwaka, usimwage maji, kwa sababu titaniamu inayowaka huyavunja maji na kutoa haidrojeni, gesi ambayo hulipuka. Zima kwa mchanga mkavu. Kila karakana inayoshika metali hii na iwe na ndoo ya mchanga karibu.

Rangi isiyopakwa

Kazi moja ambayo wanafunzi wa sekondari au wa chuo cha ufundi wanaweza kuifanya kwa gharama ndogo ni kuitia titaniamu rangi kwa umeme.

Chukua nusu lita ya maji, ukoroge kijiko kimoja cha magadi soda. Usitumie chumvi ya mezani, kwani hutoa gesi ya klorini. Unganisha betri tatu za volti 9 kwa kufuatana ili upate volti 27. Waya chanya ushike kipande cha titaniamu kilichosafishwa vizuri, na waya hasi ushike kijiko cha chuma kisichoshika kutu. Vitumbukize vyote viwili bila kugusana. Kwa muda mfupi kipande kitageuka buluu. Betri mbili huleta rangi ya kahawia inayoelekea zambarau.

Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Umeme hukuza utando wa oksidi usioonekana, na unene wake ndio unaoamua mwanga upi urudi machoni, kama ilivyo kwa mafuta yaliyotanda juu ya maji. Volti zikizidi, rangi hubadilika hadi manjano, waridi na kijani. Hata hivyo, volti za juu huua. Wanafunzi wasizidishe betri, na kamwe wasiunganishe chombo hicho na umeme wa nyumbani.

Nani achague nini

Mbeba mizigo na anunue chuma, tena chuma kizuri, na akilinde kwa rangi na grisi. Riziki yake haiwezi kungoja fundi wa Nairobi mwenye agoni.

Mwanamichezo mwenye fedha anaweza kuchagua fremu ya titaniamu ya daraja la 9, mradi anunue kwa mtengenezaji anayetoa dhamana na ajue kwamba ikipasuka itasafirishwa mbali.

Fundi na mwanafunzi waanze na vipande vya daraja la 2 kwa mapambo na majaribio, na bolti za daraja la 5 kwa sehemu zisizobeba uhai wa mtu. Wasijenge fremu kwa titaniamu ya kuokota isiyojulikana daraja lake.

Iwapo siku moja karakana za Kakamega, au vyuo vilivyo jirani nazo kama Sigalagala na Masinde Muliro, vitakuwa na mashine na gesi ya kuichomelea ipasavyo, hesabu hii itabadilika. Kwa sasa, anayetegemea baiskeli kwa chakula cha jioni na akumbuke nasaha ya wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.